Ikilia siwa, tuna kazi

Mpwa wangu ana miaka tisa na hana adabu za makumbusho. Sisi wakubwa tukiingia jumba lile la pwani pale Lamu hushusha sauti, tukafunga mikono nyuma, tukajifanya tunasoma vibao. Yeye aliingia kama anayeingia dukani. Hiki nini? Hiki cha nani? Hiki kinafanya kazi?

Tukafika mbele ya siwa, zile baragumu kubwa za sherehe za wakubwa wa zamani.

Ziko mbili, na aliyewahi kufika Lamu hahitaji kuelezwa. Ya Lamu ni ya shaba. Ya Pate, kisiwa jirani, ni ya pembe za ndovu, imepita mita mbili, nakshi zake zimechongwa kwa subira ambayo sijui siku hizi inauzwa wapi. Mimi nimesimama mbele yake mara nyingi tangu utotoni, na kila mara hufanya kile kile: natikisa kichwa, nasema "mashaallah", napiga picha, naondoka.

Mtoto akamgeukia mzee aliyekuwa zamu siku hiyo.

"Babu, hii inalia?"

"Hiyo ni siwa."

"Ndiyo, lakini inalia?"

Mzee akacheka kidogo. "Ilikuwa ikilia."

Mtoto akaitazama tena kuanzia ncha hadi kwenye kinywa kipana, kama anayemhurumia mtu. "Basi sasa ni pembe tu."

Tukatoka, tukanunua maji ya ukwaju, tukaketi ukutani kutazama majahazi. Yeye alisahau pale pale. Mimi nimekaa na neno hilo wiki sita.

Tundu la ubavuni

Nilianza na swali dogo kwa sababu lile kubwa liliniogopesha. Siwa hupulizwa wapi?

Wengi hudhani ni kama tarumbeta ya bendi, kwamba mdomo unakaa kwenye ncha. Sivyo. Tundu liko ubavuni, karibu na upande mwembamba, na mpigaji huelekeza mdomo kama anayekula muhindi wa kuchoma uliopita kiasi. Hakuna matundu ya vidole. Kinachogeuza sauti ni midomo peke yake: ikikazwa inapanda, ikilegezwa inashuka. Kwa hiyo usitarajie wimbo. Ina sauti mbili tatu, na ufundi wote uko katika kuzipanga na kujua ni lini unyamaze. Mwenye kutaka cha kumtoa bibi harusi machozi, lipo zumari. Siwa haibembelezi mtu.

Ile ya shaba ilimiminwa kwa njia ya nta. Fundi huunda kwanza umbo zima la nta, nakshi zimo ndani yake, kisha hulifunika udongo na kulichoma. Nta huyeyuka ikatoka, shaba ikaingia pale ilipokuwa. Udongo ukishavunjwa hautumiki tena, kwa hiyo hata fundi mwenyewe hawezi kutoa ya pili iliyo sawa kabisa na ya kwanza. Ile ya Pate ni kazi ya kuchonga na kuunganisha vipande, na wanaojua mambo haya huiweka mwishoni mwa karne ya 17.

Desturi yenyewe ni ya zamani zaidi. Mwaka 1331 Ibn Battuta alifika Mogadishu, akamwona sultani akitoka msikitini siku ya Ijumaa, mbele yake ngoma, baragumu na zumari. Hakutaja siwa, nami sitamtilia neno mdomoni. Lakini njoo Malindi, Aprili 1498, merikebu za Vasco da Gama zimetia nanga. Mmoja wa waliokuwamo aliandika kumbukumbu za safari hiyo. Mfalme wa Malindi alipokuja kuwaona, anasema, alikuja na wapigaji wengi, na kati ya ala zao zilikuwamo baragumu mbili za pembe za ndovu, zimechongwa kwa wingi wa nakshi, kimo cha mtu, zinapulizwa kwa tundu lililo ubavuni. Akaongeza kwamba sauti yake ilipatana vizuri na ala nyingine.

Kimo cha mtu. Tundu la ubavuni.

Nilisoma maneno hayo mara tatu, nikaona wivu. Ndiyo, wivu. Mgeni aliyekuja na mizinga alisimama kwenye sitaha, akasikia, akaona ni tamu. Mimi niliyezaliwa safari ya siku moja kutoka hapo sijaisikia.

Mwana Darini

Habari za Pate, zile zilizokuwa zikisimuliwa kwa mdomo kabla ya kutiwa wino, zina kisa cha jinsi siwa ya pembe ilivyopatikana. Ni kisa ninachokipenda mno, na kwa muda nilikipenda kwa sababu zisizo zake.

Mwana Darini alikuwa mwanamke wa ukoo wa kifalme. Alitaka kutahirisha watoto wake kwa sherehe ya hadhi yao, na sherehe ya hadhi hiyo ni lazima iwe na siwa. Akaomba aazimwe siwa ya ufalme.

Akanyimwa.

Tusimame hapo kidogo. Hakunyimwa mahali wala ng'ombe wa kuchinja. Mali alikuwa nayo, angeweza kuulisha mji. Alinyimwa sauti. Bila sauti ile watoto wangetahiriwa, wangepona, wangekua, lakini wangetahiriwa kama watoto wa mtu yeyote. Pate nzima ingesikia kimya, na kimya kile kingeeleweka hadi Siu.

Akamwita fundi, sharifu aliyeitwa Mwenye Bayayi, akamwuliza: waweza kuchonga siwa kama ile? Akajibu aweza. Akapewa pembe za ndovu, akaingia nyumbani kwake, akaifanya kazi kwa siri, mpaka siku moja watu wakasikia siwa inalia na haikuwa ya sultani.

Nimejaribu sana kuifikiria asubuhi hiyo. (Habari hazisemi kama ilikuwa asubuhi. Ni mimi.) Mwenye kunyoa kidevu amesimamisha wembe. Mwenye kupima mchele kwa kibaba amesahau amefika ngapi. Kule kasrini mtu anatumwa mbio akaangalie kama ile yao ipo pale ilipowekwa. Ipo. Sasa hii ni ya nani?

Siku zile za mwanzo nilikuwa nikikisimulia kisa hiki kwa kila aliyekaa karibu yangu, nikikiita kisa cha mwanamke asiyekubali kunyimwa. Na ndivyo kilivyo. Enzi ambayo watu waliidhania imeteremka kutoka mbinguni, kumbe ilikuwa ni pembe, patasi, na sharifu mmoja anayejua kazi yake. Ukiwa na fedha na hasira ya kutosha, waweza kujitengenezea ya kwako.

Kipo kipande nilichokipita mbio niliposoma mara ya kwanza. Siwa ilipokwisha, Mwana Darini aliikabidhi kwa mtumwa wake aliyemwacha huru. Yeye na ukoo wake ndio wawe wa kuipuliza, na atakayeiazima awalipe.

Nilikipita kwa sababu hakikuwa na msisimko. Nilikuwa natafuta masultani.

Barua

Wiki ya tatu nikaanza kuandika barua. Sikujua naiandikia nani hasa, lakini ilikuwa na kichwa kizuri: "Turudishiwe Sauti Yetu". Nilitaka siwa ipulizwe walau mara moja kwa mwaka, kwenye Maulidi au kwenye tamasha, watoto wasikie. Nilikuwa na hoja. Kitu kilichoundwa kilie hakihifadhiwi kwa kukinyamazisha. Kinyago ukikiweka kwenye kioo bado ni kinyago, lakini ala isiyopigwa, mpwa wangu alikwisha kusema.

Kisha nikajikwaa kwenye habari za Cairo. Mwaka 1939 tarumbeta mbili zilizotoka kaburi la Tutankhamun, farao wa Misri ya kale, zilipulizwa makumbushoni, na redio ya BBC ikarusha sauti yake duniani. Zilikuwa zimekaa kimya miaka zaidi ya elfu tatu. Ile ya fedha ilivunjika katika majaribio hayo ikabidi iungwe.

Pembe ya ndovu nayo haipendi unyevu, na pumzi ya mtu ni mvuke. Ukiilowesha na kuikausha, ukailowesha na kuikausha, itapasuka siku moja kama udongo wa kiangazi. Nikajiuliza kama niko tayari kuwa yule aliyeandika barua siwa ya Pate ikapasuka.

Nikabadilisha: basi ichongwe nakala. Ya mti, ya shaba, yoyote. Hoja yangu ikasimama tena. Kabla ya kuituma nikaona ni vyema nimpigie simu mtu aliyezaliwa Lamu, aniambie sauti yenyewe ilikuwaje, nitie rangi kidogo.

Simu ya Langoni

Bibi yangu, mamaake mama, anakaa Langoni. Wenye kuijua Lamu wanaelewa maana yake. Mkomani ndiko kwa majumba ya mawe, ya madaka na milango ya nakshi, kwa waungwana. Langoni ni huku kwetu.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Umekula?"

Hapo huwezi kupita mpaka ujibu. Nikasema nimekula, nini, kiasi gani, na kama kilikuwa na mboga. Kisha nikamwuliza habari ya siwa.

"Siwa ipi?"

"Ile ya makumbusho. Zamani ilipokuwa ikilia. Wewe uliisikia?"

"Aliyeisikia ni mamangu." Akanyamaza kidogo, nikasikia anamfukuza kuku. "Mamangu akisema: ikilia siwa, tuna kazi."

Nikacheka. Nilidhani ni methali, ya mlango mmoja na ile ya mbiu ya mgambo ikilia ina jambo. Nikaanza kutafuta kalamu.

Yeye hakucheka.

"Maji yatatekwa na nani? Mchele utatwangwa na nani? Wakubwa wamekwenda kutazama. Sisi tuko uani."

Sikuwa na la kusema. Kalamu niliipata lakini sikuandika.

Watumwa wa pwani ya Kenya waliachwa huru kwa sheria ya mwaka 1907. Mamaake bibi alizaliwa baada ya hapo, kwa hiyo kwenye karatasi hakuwa mali ya mtu. Karatasi na kisima ni vitu viwili. Aliteka maji ya nyumba zile zile ambazo mamaake aliteka, kwa ndoo zile zile. Ukoo wa mwenye nyumba na ukoo wa mwenye ndoo wakaendelea kujuana hivyo kwa muda mrefu, kwa upole, kwa kuamkiana, na kwa kila mmoja kujua ataingilia mlango gani.

Nyumbani kwetu jambo hili halikusemwa. Tulisema "sisi watu wa Lamu", tukaachia hapo. Mtu wa bara akituuliza tulisifu nakshi za milango kana kwamba ni za kwetu. Mimi mwenyewe nimeandika hapa, miaka iliyopita, makala ndefu juu ya ustaarabu wa waungwana, na wasomaji wakanipongeza. Sikusema uongo hata mmoja. Sikusema tu nilikuwa upande gani wa ukuta.

Neno lililonishinda

Nilirudi kwenye barua. "Turudishiwe Sauti Yetu." Neno la kwanza sawa. La pili nikalitazama. La tatu likanishinda.

Yetu, na nani?

Sauti ni moja. Inatoka kwenye kinywa kimoja cha pembe, inapita juu ya mapaa yale yale ya makuti na ya mawe. Mkomani inafika ikiwa na maana ya: sisi ndio sisi, mtoto wetu ametahiriwa, binti yetu ameolewa na anayemstahili. Uani inafika ikiwa na maana ya: amka, kuni. Sasa nikiomba irudi, naomba irudi ikisema lipi?

Na yule mpigaji! Sasa ndiyo nikarudi kwenye kile kipande nilichokipita. Mwana Darini aliwapa kazi hiyo watu walioachwa huru, na ilikuwa kazi ya heshima na ya malipo, nisiipunje. Bila pumzi yao hakuna mwungwana aliyetahirisha mwanawe akasikika. Waliazimwa kama siwa ilivyoazimwa. Nafikiri juu ya mmoja wao, siku ya harusi ya bintiye mwenyewe, siwa iko ndani, yeye ndiye anayejua midomo inavyokazwa, hakuna mwingine mjini. Alisimama mlangoni kuwakaribisha wageni huku mikono imetulia? Au usiku, maji yakiwa yamejaa, aliishusha akaipuliza kidogo tu, kwa tumbo, isivuke ukuta?

Wapo watakaoniambia nimeharibu kitu kizuri. Ndugu yangu mmoja amekwisha kuniambia, kwa maneno makali kuliko hayo. Anasema kila jamii ilikuwa na wakubwa na wadogo, Wazungu wana mataji yao na hakuna anayeyalilia, kwa nini sisi tukipata kitu kimoja cha fahari ni lazima mtu aje na ndoo ya maji? Sikumjibu vizuri. Ana haki kiasi. Nakshi zile hazina kosa. Mkono wa Mwenye Bayayi ulikuwa mkono wa ajabu, na nikisimama tena mbele ya kazi yake nitasema mashaallah kama kawaida.

Nitasema tu nikijua bibi yangu mkuu alikuwa wapi ilipolia.

Hasira nyepesi

Nilijaribu kukimbilia pengine. Nikasoma habari za ngadji, ngoma kuu ya Wapokomo wa mto Tana, majirani zetu hasa. Ngoma ile ilikuwa ya wazee wa baraza lao, na mlio wake ndio ulioita watu. Mwaka 1902 maofisa wa Kiingereza waliichukua. Ikaishia British Museum, London, ghalani, hata kutazamwa haitazamwi. Hapo hasira inakuja bila kusukumwa. Mkoloni aliijua kazi ya ngoma kuliko sisi tunaoiita burudani: alielewa kwamba ukichukua kinachoita watu, watu hawaitiki tena.

Hasira ya namna hiyo ni nyepesi kubeba. Adui yuko mbali na ana kofia ya jua.

Lakini siwa ya Pate haikwenda London. Iko Lamu, nyumbani, inapanguswa vumbi. Unguja nako ngoma na siwa za Mwinyi Mkuu wa Dunga, mtawala wa jadi wa kisiwa hicho, zimo makumbushoni, zile ngoma ambazo wazee walisema zililia zenyewe hatari ikikaribia. Hakuna aliyezinyang'anya mdomo kwa bunduki. Zilinyamaza tu. Mwinyi Mkuu wa mwisho alikufa 1873 na hakurithiwa. Wanabahani, ukoo wa masultani wa Pate, walihamia Witu, bara, na utawala wao huko nao ukaisha. Wenye haki ya kupigiwa walipungua, na wenye kupungukiwa haki hawakuwa na sababu ya kuililia.

Napenda kufikiri kwamba ilikuwapo siku moja, isiyoandikwa popote, siwa ililia Mkomani na hakuna aliyekwenda kuteka maji.

Fupi lakini nyingi

Nilimpigia bibi tena, safari hii bila kalamu.

"Na harusi yako wewe? Ililia nini?"

"Vugo!" Sauti yake ikapanda kama ya msichana. "Mji mzima ulijua."

Vugo siwezi kulieleza kwa asiyelisikia, lakini nitajaribu. Ni pembe za nyati, hazipulizwi bali hupigwa kwa vijiti, na wapigaji ni wanawake. Kila mmoja na pembe yake mkononi. Wanatembea kwa mafungu wakiimba na kujibizana, kwenye vichochoro ambavyo punda wawili hawapishani, na mlio wake mkavu unagonga ukuta huu ukarudi ukutani kule. Maneno mengine hayafai kuandikwa hapa. Bibi alinitajia mawili akacheka mpaka akakohoa.

"Siwa ni moja, bibi. Kubwa. Hizo pembe zenu..."

"Zetu fupi," akasema. "Lakini nyingi."

Nimeandika juu ya ala za zamani za pwani kwa miaka kadhaa na sijawahi kuandika aya moja juu ya vugo. Nilidhani ni jambo la wanawake na la harusi, yaani si historia. Siwa ina tarehe, ina Wareno walioishuhudia, ina kioo na taa. Vugo lina bibi yangu. Likichakaa hutupwa, ikapatikana pembe nyingine. Na ninavyoandika hivi bado linapigwa, Mombasa na Lamu, siku za harusi, na wapigaji hawajamwomba mtu ruhusa.

Bado sijajua nifanye nini na siwa. Kuna siku naona ingefaa ikae hivyo hivyo, imenyamaza, kila mmoja aitazame na kusikia cha kwao. Kuna siku naona huo ni uvivu wa mtu wa makala. Juzi nilifungua ile barua. Nimefuta kichwa, sijaweka kingine.

Bomba

Shule zimefungwa, na mpwa wangu amekuja kwetu Mombasa kwa wiki mbili. Jumamosi iliyopita alinifuata na bomba la plastiki, lile jeupe la mafundi wa maji, lililobaki tulipotengeneza choo. Lilikuwa linampita urefu.

"Mjomba, nitilie msumari motoni."

"Wa nini?"

"Nataka tundu hapa." Akaonyesha. Ubavuni.

Kumbe hakusahau.

Nikatia msumari motoni, nikatoboa, nikauzungusha tundu likapanuka. Upande wa karibu na tundu tukauziba kwa kitambaa, tukamiminia nta ya mshumaa juu yake. Akakaa kwenye ngazi, akaegemeza bomba kwenye bega langu, akapuliza. Hakikutoka kitu ila upepo. Akapuliza tena. Upepo. Nikamwambia lete, wewe mdogo hujui, nikapuliza kwa nguvu zangu zote mpaka nikaona nyota. Upepo na mate.

"Usipulize, mjomba. Fanya midomo kama punda."

"Kama punda vipi?"

Akanionyesha. Midomo imefungwa, hewa inaipita kwa nguvu, inatetemeka, brrr, kama punda aliyechoshwa na mzigo. Nikajifanyisha punda, tukacheka, nikajaribu tena, tukacheka. Akachukua yeye. Akatulia, akafumba macho, akatia mdomo kwenye tundu.

Ikalia.

Haikuwa tamu. Ilikuwa sauti nene, ya chini, ya mnyama anayeamka, na ilitoka kwa upande wa pili wa bomba kama iliyokuwa imewekwa humo siku nyingi. Mbuzi wa jirani akasimamisha masikio. Mtoto aliogopa akaacha, akanitazama kama aliyevunja kitu.

Juu ya ukuta kikatokea kichwa cha jirani yetu, mama mmoja asiyepitwa na jambo, kanga amejitupia shingoni, mkono una unga.

"Nyie! Mwaoza nani huko?"

Kabla sijamjibu, mtoto alikwisha kutia mdomo tunduni tena.